Shujaa asiyevaa chupi juu ya suruali

NILIPOKUWA kidato cha pili hapa Kilosa, nilimchora mwalimu mmoja mnoko akiwa Superman. Nilimvika joho jekundu, chupi nikaiweka juu ya suruali kama kawaida ya yule bwana, halafu nikamrusha avuke mto Mkondoa uliofurika. Picha ya mwisho joho limenasa mtini, mwalimu yuko kwenye tope hadi kifuani, anawabembeleza wanafunzi wamvute. Daftari likazunguka madawati manne, kila dawati vicheko. Lilipofika la tano, likanaswa na mhusika mwenyewe. Viboko sita, tena vya uhakika! Toka siku hiyo mimi na penseli tukaachana.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya dogo mmoja wa Mikumi. Majuzi alinionyesha daftari lake, nusura nife kwa kucheka. Superman wake anatua kwa mbwembwe kwenye barabara kuu, kile kipande cha kama kilometa 50 kinachokatiza hifadhini. Anasimamishwa kwa mwendo kasi. Anajitetea kwamba yeye hana gari, anaruka tu. Anaambiwa: haya, leta leseni ya kuruka! Anapapasa joho zima, kumbe halina hata mfuko.

Dogo kamaliza kidato cha nne. Mzee wake anataka akajifunze ufundi magari, anasema michoro ni mambo ya watu walioshiba. Ndipo akaniuliza: "Kaka, hivi hii kazi ina maisha kweli?"

Sikuwa na jibu palepale. Leo namjibu, kwa habari ya Mbongo mwenzetu aliyeanza na penseli kama yeye.

Mkwe angempenda, lakini...

Godfrey Mwampembwa, ambaye dunia inamjua kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Magazeti yalianza kutoa michoro yake katikati ya miaka ya 1980, angali kijana wa shule. Baadaye akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu majengo. Hapo wazazi wanalala usingizi, na mkwe anakupokea kwa mikono miwili! Lakini mwaka 1992 jamaa akakiacha chuo, akaenda Nairobi kuchora katuni kwenye magazeti ya Nation.

Mwaka 1996 akatoa kitabu cha michoro kwa Kiswahili, Abunuwasi, kupitia Sasa Sema, wachapishaji wa hukohuko Nairobi. Mimi nilikipata kwenye vitabu vya mtumba pale Msamvu, Morogoro, nikakisoma kwenye basi hadi nikapitilizwa kituo.

Sasa mlinganishe na Superman, aliyeingia sokoni Marekani mwaka 1938. Huyo anasimamisha treni kwa kifua. Abunuwasi hana kifua, hana mapesa, haruki. Bunduki yake ni ulimi. Ni yule yule wa hadithi ya sufuria iliyozaa, halafu ikafa. Mwenye nguvu akimwonea, yeye anampeleka taratibu, mpaka mkubwa anajikuta kajifunga kwa maneno yake mwenyewe. Sisi tusio na joho, huyo ndiye shujaa wetu.

Wenye nguvu hawapendi kuchekwa

Hata huko Marekani kuna waliomchoka mtu wa misuli. Mwaka 1953, kwenye toleo la 4 la Mad, Harvey Kurtzman aliandika na Wally Wood akachora kichekesho kiitwacho "Superduperman". Humo shujaa anashinda pambano, kisha anamfunulia mrembo siri yake, akijua sasa mtoto keshaingia laini. Wapi! Mrembo anamtolea nje vilevile. Wenye Superman wao walikasirika wakatishia mahakama. Kumbe hata mbabe wa kwenye karatasi ana watu wa kumnunia kwa niaba yake!

Gado yeye alikuwa na wababe wa nyama na damu. Aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa na minyororo yenye tufe la chuma, wakati wa kesi zao za The Hague. Mwaka 2009 akaanzisha The XYZ Show, kipindi cha televisheni ambacho wakubwa ni vikaragosi vya mpira.

Januari 2015, kwenye The EastAfrican, akamchora Rais Jakaya Kikwete kama mfalme wa Kirumi anayelishwa na vimwana, nao majina yao ni maovu ya serikali, rushwa ikiwamo. Mwezi huohuo gazeti likapigwa marufuku Tanzania. Serikali ilisema halikusajiliwa nchini. Wengi, Gado akiwamo, waliinyooshea kidole ile katuni. Akapewa likizo ndefu, na mwaka 2016 mkataba wake Nation haukuongezwa.

Mei mwaka huohuo alikuwa Geneva, akipokea tuzo ya Cartooning for Peace pamoja na Zunar wa Malaysia. Aliyeikabidhi ni Kofi Annan. Halafu akahamia Standard.

Jibu lako, dogo

Sasa nikujibu. Kazi ina maisha: kalamu ilimlisha Gado pale Nation kwa zaidi ya miaka 20. Na kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomtoa. Anayechora mbabe akiruka hana wa kumbughudhi. Ukimchora akianguka, jiandae. Superman akipigwa risasi zinadunda. Mchoraji zinampata.

Ufundi magari nenda, usimkorofishe mzee. Gado naye alionja chuo kabla ya kuamua. Lakini daftari usilitupe, na yule askari wa leseni ya kuruka usimfute, hata ukiambiwa na nani. Mimi nilifuta kwa viboko sita tu, na mpaka leo naona aibu. Juzi nimenunua penseli upya.

Na wewe mwalimu wangu, kama gazeti hili limekufikia huko ulikostaafia, viboko vile nimeshasamehe, kiroho safi. Ila lazima nikwambie ukweli: ile chupi ilikukaa vizuri.