Nyumba Kabla ya Bomba

Mji ukuapo, kitu cha kwanza kionekanacho ni nyumba. Bomba la maji, mtaro na njia ya kupita gari la zimamoto havitambuliwi mpaka siku vinapohitajiwa na kukosekana. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao katika sensa ya 1967 ulikuwa na watu wapatao 356,000, ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Yaani idadi yao iliongezeka mara 15 katika muda wa miaka 55. Sehemu kubwa ya nyumba za watu hao imejengwa na wananchi wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa kadiri fedha zilivyopatikana. Swali limkabililo mtaalamu wa mipango miji, basi, si nani atakayejenga nyumba. Swali ni kitu gani kitangulie nyumba hizo, na kiasi chake kitajulikanaje.

Mji huo haukukosa mipango. Mpango kabambe wa kwanza ulitolewa 1949, wa pili 1968, na mwingine 1979. Ule wa 1949 uliyagawa makazi kwa kiwango cha msongamano, na mgawanyo huo kwa hakika ulifuata rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ni mfano mzuri wa mpango wenye mistari iliyonyooka lakini uliosimama juu ya ushahidi usiofaa, kwa kuwa maji ya mvua hayaulizi kabila la mtu kabla ya kuingia nyumbani mwake.

Katika miaka ya 1970, Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja vyenye huduma. Mradi huo ulikuwa na namna mbili. Mahali ambapo hapakuwa na makazi, kama vile Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viwanja vilipimwa kwanza, barabara na huduma za msingi zikawekwa, ndipo wananchi wakapewa nafasi ya kujijengea. Mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kujenga, kama vile Manzese, huduma ziliingizwa katikati ya nyumba zilizokuwapo. Kazi ya namna hiyo ilifanyika katika miji saba: Dar es Salaam, Iringa, Mbeya, Morogoro, Mwanza, Tabora na Tanga.

Bila kukusudiwa, mradi huo ukawa jaribio kubwa la kisayansi. Miongo minne baadaye, kundi la watafiti lilitumia picha za setilaiti na taarifa za kaya kuyalinganisha maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa na maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa matupu mwanzoni lakini hayakupewa huduma. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kwamba katika maeneo yaliyotanguliwa na huduma nyumba zilikuwa kubwa zaidi na zimepangika vizuri zaidi, na zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata maji, umeme, vyoo bora na barabara. Watafiti hawakusahau swali ambalo mwanafunzi mwangalifu angeliuliza: je, huenda tofauti ilitokana na wakazi wenyewe? Waliona kuwa wakazi wa maeneo hayo walikuwa na elimu zaidi kidogo, lakini kwamba tofauti hiyo ya elimu ilikuwa ndogo mno kueleza tofauti kubwa ya nyumba. Kuhusu maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa, hapakuwa na kipimo cha kulinganishia kilicho sawa. Hata hivyo dalili hazikuonyesha kwamba yaliwashinda majirani wao.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Bomba lililopasuka hubadilishwa na nguzo ya umeme huhamishwa, lakini njia iliyokwisha kuzibwa na nyumba hairudishwi ila kwa kuvunja ukuta wa mtu na kumlipa fidia. Kwa hiyo kitu cha thamani kuliko vyote katika mradi ule pengine si lami wala mabomba yake, ambayo mengi yalichakaa. Ni ile ardhi iliyoachwa wazi kati ya kiwanja na kiwanja.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba kupima viwanja kwatosha. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza Dar es Salaam 2002, ulipima na kugawa viwanja vingi pembezoni mwa mji, lakini katika sehemu nyingi maji na umeme vilichelewa kufika, na watu wakachimba visima vyao au wakanunua maji ya magari. Kiwanja hupimwa kwa miezi michache. Chanzo cha maji huchukua miaka. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, katika mitambo ya Ruvu Juu iliyoanza 1959 na Ruvu Chini ya 1976, na katika ukame wa 2022 mto wenyewe ulipopungua, mji uliingia katika mgao.

Ni takwimu gani, basi, zihitajikazo? Ya kwanza huonekana nyepesi: watu wangapi watakaa katika nyumba moja? Chukulia mfano wa viwanja 1,000. Akikadiria familia moja ya watu 5 kwa kila nyumba, na lita 70 kwa mtu kwa siku, mhandisi atapata mahitaji ya mita za ujazo 350 kwa siku. Lakini ikiwa nyumba zitakazojengwa ni zile za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba sita, na kila chumba kimepangishwa kwa watu 3, wakazi watakuwa 18 kwa nyumba, na mahitaji yatapanda hadi mita za ujazo 1,260. Ramani ni ile ile, viwanja ni vile vile, lakini bomba lililolazwa halitoshi hata theluthi moja. Na maji yaliyoingia hayana budi kutoka: kama asilimia 80 yake yatageuka maji machafu, mita za ujazo zipatazo 1,000 zitatafuta pa kwenda kila siku. Pasipo na bomba la maji taka, ardhi ndiyo itakayoyapokea. Ardhi ya mfinyanzi hukataa, na bonde lenye maji karibu na uso wa ardhi hujaza vyoo. Ndiyo asili ya ile desturi mbaya ya kutapisha vyoo wakati wa mvua kubwa.

Takwimu ya pili ni ya mvua, na hapa kosa huwa kubwa zaidi. Wahandisi hukadiria maji yatiririkayo kwa kuzidisha vitu vitatu, yaani kasi ya mvua kwa milimita katika saa, eneo kwa hekta, na sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi, kisha hugawanya kwa 360 ili kupata mita za ujazo kwa sekunde. Katika shamba la hekta 100, mvua ya milimita 60 kwa saa, ardhi ikiacha sehemu 0.2 tu itiririke, itatoa mita za ujazo 3.3 kila sekunde. Shamba hilo likifunikwa kwa mabati na saruji hata sehemu hiyo ikafika 0.6, mvua ile ile itatoa mita za ujazo 10, sawa na mapipa 50 ya lita 200 kila sekunde. Mtaro wa zamani uliotosha shamba utafurika. Ijulikane pia kuwa chombo cha mvua kisomwacho mara moja kwa siku hakimsaidii sana mhandisi huyo. Milimita 60 zilizonyesha polepole kutwa nzima, na milimita 60 zilizoanguka katika saa moja, huandikwa sawasawa katika daftari, lakini za pili ndizo zibebazo nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na waathirika wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande.

Sensa, ifanywayo kila baada ya miaka kumi, haiwezi kujibu maswali haya yote, kwa maana mtaa mzima huweza kuota kati ya sensa moja na nyingine. Mwaka 2015 kazi iitwayo Ramani Huria ilianza kujaza pengo hilo Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora nyumba, vichochoro na mitaro kwa msaada wa picha za ndege zisizo na rubani, nao wajumbe wa mashina wakaonyesha mipaka na mahali maji yafikapo kila masika, mambo ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Mitaro ilipimwa kwa mikono: upana, kina, kitu iliyojengewa, na kama imezibwa. Kipimo cha namna hiyo huchakaa upesi, kwa sababu mchanga na taka za msimu mmoja hubadili kina cha mtaro. Darasa lenye futi ya kupimia, kijiti na daftari laweza kuupima upya mtaro wa mtaa wake katika alasiri moja, mara moja kabla ya vuli na mara moja kabla ya masika.