Moyo Ukienda Mbio kwa Mawazo



Kila Januari, shule zinapofunguliwa, benchi la wagonjwa wa nje hujaa akina mama na akina baba wenye shida zinazofanana. "Sista, moyo unanienda mbio. Mikono inakufa ganzi. Usiku silali." Tunapima damu, malaria hakuna. Tunapima presha, imepanda kidogo au haikupanda kabisa. Tukiuliza habari za nyumbani ndipo tunaposikia: sare na michango ya shule haijapatikana, mahindi yamebaki madebe mawili, na mama mkwe yu kitandani. Wengi huondoka hawakuridhika kwa sababu hawakuchomwa sindano. Leo tungependa kuwaeleza kinachotokea mwilini, maana shida yao ni ya kweli.

Ndani yetu kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kuamriwa. Ndiyo inayoendesha moyo, tumbo na jasho, nayo ina pande mbili. Upande wa kwanza huamsha. Ukikutana na nyoka njiani kwenda kisimani, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hudunda, ini hutoa sukari, na damu hukimbilia miguuni ili upate kukimbia. Upande wa pili hutuliza. Mshipa wake mkubwa, uitwao vagasi, hutoka kwenye ubongo, hupita shingoni, hufika moyoni na tumboni. Nyoka akishapita, upande huu hushika kazi na mwili hupoa. Lakini deni halipiti kama nyoka. Liko pale asubuhi, liko pale usiku, na mwili unabaki umesimama tayari kukimbia wiki nzima.

Moyo hauamrishwi. Hata sisi wauguzi tumekosea hapa, tukimkemea mgonjwa, "Tulia, mama!", naye akazidi kutetemeka. Mlango tulio nao ni pumzi, kwa sababu pumzi hujiendesha yenyewe, lakini ukitaka unaweza kuiongoza. Jaribuni nyumbani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa kijana wako, upande wa kidole gumba, umwambie avute pumzi polepole na kuitoa polepole. Mara nyingi utasikia mapigo yakiharakisha kidogo anapovuta, na kupungua anapotoa. Hiyo ndiyo kazi ya vagasi.

Basi ukilemewa, kaa chini, nyayo zote mbili zikanyage ardhi. Legeza mabega na taya. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke. Itoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama mtu anayepoza uji wa moto. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa njia hii utapumua mara sita tu. Endelea kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, ujue unavuta hewa nyingi mno. Pumzika, kisha vuta kidogo zaidi. Watoto huelewa upesi ukiwaambia wapoze uji.

Kuhusu ganzi tuseme zaidi, kwa sababu inaleta hofu kubwa vijijini. Mwenye hofu hupumua harakaharaka bila kujijua, akitoa hewa ya kabonidayoksaidi kupita kiasi. Hapo hali ya damu hubadilika, midomo na vidole vikachonyota, hata vidole vikakakamaa. Tumepokea binti wa shule usiku wa manane akiwa amebebwa na watu sita, na huko nyuma walikuwa wameshaanza kuulizana nani amemroga. Muuguzi alikaa naye, akamshika mkono, akapumua naye polepole. Baada ya nusu saa vidole vilifunguka. Zamani tulifundishwa kumpa mgonjwa kama huyo mfuko wa karatasi apumulie. Siku hizi haishauriwi, kwani kama kumbe ana pumu au ugonjwa wa moyo, unaweza kumdhuru.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Dk. Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Watu 23 walipimwa pumzi, moyo na presha wakisali Salamu Maria kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na mwili ukaongeza uwezo wake wa kurekebisha presha. Sababu si ngumu: anayesali nusu ya sala hutoa pumzi muda wote huo, na mwenzake anapoitikia yeye hupata nafasi ya kuvuta. Tuwe wakweli, matokeo kama hayo yalipatikana pia kwa maneno ya yoga, kwa hiyo tunachoeleza hapa ni mwendo wa pumzi tu. Habari za neema tunawaachia mapadre. Lakini rozari ya mbio haina faida hiyo. Katika jumuiya nyingine tumesikia waitikiaji wakianza kabla kiongozi hajamaliza, kana kwamba mvua inakuja!

Kutembea au kulima kidogo husaidia pia, maana misuli hutumia ile sukari iliyomwagwa kwenye damu. Kunawa uso kwa maji ya baridi hupunguza mapigo, ila mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Kahawa na chai ya rangi nzito ziishie mchana. Simu ilale chumba kingine. Pombe huleta usingizi mfupi na kukuamsha saa tisa usiku, na mawazo yakiwa palepale, pamoja na deni jipya la kilabuni.

Tena, mzigo usemwe. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, kisha kuchagua pamoja nao shida moja ya kuanza nayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosikilizwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Bibi wenye masikio tunao katika kila jumuiya. Sharti ni moja, yasemwayo pale yasifike kisimani.

Msingoje nyumbani kama kuna maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au kwenye taya, kuzimia, miguu kuvimba, au kukosa pumzi ukilala chali. Moyo kwenda mbio pamoja na weupe wa macho na viganja huweza kuwa upungufu wa damu. Pamoja na kukonda, kutetemeka na uvimbe wa shingo, tezi ya shingo ipimwe. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, hasa kwa mama aliyejifungua, huenda ni sonona, nayo inatibika. Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake; aletwe siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho linatusumbua sana. Watu wananunua diazepamu dukani, wanagawana na jirani kama chumvi. Vidonge hivyo vina kazi yake, kwa siku chache na kwa kuandikiwa na daktari. Ukivitumia kwa wiki nyingi mwili huvizoea, ukavikosa unatetemeka na kukosa usingizi kuliko mwanzo, na wengine hupata degedege. Aliyekwisha kuvizoea asiviache ghafla. Aje navyo, hata kama ni vya kuazima, tumpunguzie kidogo kidogo. Hatutamgombeza.