Nusu Mkate: Story ya Ule Mkate Unabebea Shosh, na Vile Burnt Forest Inaingia

Cheki hii. Uko kwa mat ya Eldoret, mmeshapita Timboroa, na baridi inakukumbusha ile jaketi uliacha kejani. Mkiingia Burnt Forest, kwa magoti yako kuna begi: sukari, majani chai na mkate. Hakuna mtu alikutuma. Unajua tu kwa shosh hufiki mikono mitupu.

Sasa buda, huo mkate ulitoka wapi?

Ngano haikuanzia hapa kwetu. Mwaka wa 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika Uasin Gishu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mkoloni akawagawia ardhi iliyokuwa na wenyewe, wakaanza kulima ngano. Mwaka huo huo Lord Delamere akaanzisha kampuni ya Unga. Eldoret yenyewe ilikuwa shamba namba 64, ndio maana kuna wazee bado wanaiita Sisibo.

Wazee wetu walifanya kibarua kwa hayo mashamba, lakini jioni walipimiwa posho ya mahindi. Ngano walivuna, mkate wakala wengine. So usishangae mkate ulikuja kuwa chakula cha heshima. Kwa keja nyingi, ukiona slesi zimepakwa Blue Band siku ya kawaida, ulijua kuna mgeni.

Halafu kuna "nusu mkate". Hilo neno umelisikia kwa siasa tangu ukiwa mtoto, na hapa story inaacha kuwa ya kuchekesha.

Burnt Forest iliungua kwenye vita vya kikabila vya 1992. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ikaungua tena. Nyumba zilichomwa, barabara ikafungwa, majirani wakakimbiana. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa. Tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila wakatia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan. Mmoja akabaki rais, mwingine akawa waziri mkuu, na Wakenya wakaibatiza serikali ya nusu mkate.

Hebu fikiria hapo kidogo. Mkate ulikatwa Nairobi, ukatoa mawaziri 40. Wakati huo huo, wengi waliochomewa nyumba huku walikuwa bado wanalala kwa hema. Wao ndio walilipa bei, na hawakupata hata slesi.

Rudi sasa 2024. Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Piga hesabu: kwa mkate wa bob 65, hiyo ni zaidi ya bob 10. Gen Z wakaingia mtaani, na tarehe 18 Juni serikali ikaondoa hiyo ushuru ya mkate. Lakini wasee hawakurudi nyumbani, juu walijua kuna mengine yamebaki. Tarehe 25 Juni vijana waliuawa kwa risasi. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi.

Na usidhani ngano ya Uasin Gishu inatosha. Zaidi ya nusu ya ngano tunayokula inatoka nje, ikiwemo ya Urusi na Ukraine. Ndio maana vita vya huko vilipoanza 2022, duka la mtaa wako lilisikia.

So wakati mwingine mwanasiasa akianza kuongea mambo ya kugawana mkate, muulize swali moja tu: slesi ya watu wa Burnt Forest iko wapi?

Na ukienda ocha, beba mkate. Shosh atakuambia, "Ungejisumbua nini, mjukuu wangu?" Kisha atachukua kisu aukate, na kila mtoto kwa hiyo boma atapata kipande. Huyo hajawahi kuhitaji Kofi Annan.