Mboga za Masika Zinaweza Kulisha Familia Hadi Kiangazi

Mvua za masika zinaponyesha kuanzia Machi hadi Mei, maboma mengi ya Kaunti ya Kilifi huwa na mboga hatua chache kutoka jikoni. Kiangazi kinapoingia, hasa maeneo makavu kama Ganze, bustani hukauka na familia iliyokuwa ikichuma kwake hulazimika kununua sokoni au kula sima na mboga kidogo sana. Kunde inaweza kusaidia kuziba pengo hilo. Huvumilia ukame, majani yake ni mboga, na mbegu zake ni chakula chenye protini nyingi.

Palizi isicheleweshwe

Magugu hunyang'anya kunde maji na rutuba ingali michanga. Palizi ya kwanza ifanywe takriban wiki mbili baada ya kuota, na ya pili kabla ya maua kutokea, kwa kuwa kutikisa mmea wenye maua huyapukutisha. Magugu yang'olewe kabla ya kutoa mbegu, kisha yatandazwe kati ya mistari ili kuhifadhi unyevu.

Ndago ni tofauti. Ikikatwa juu tu huchipuka tena kutoka kwenye viazi vyake vidogo ardhini. Ichimbwe pamoja na viazi hivyo na ianikwe juani mbali na shamba mpaka ife.

Aliyechanganya kunde na mahindi awe mwangalifu na dawa za magugu. Dawa nyingi zinazoua magugu ya majani mapana kwenye mahindi huua kunde pia.

Kuchuma na kukausha majani

Majani machanga huweza kuanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kupanda. Yachumwe machache kwa kila mche. Anayetaka mbegu aache kuchuma maua yanapoanza kuonekana.

Majani ya akiba huoshwa, huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, huchujwa, kisha huanikwa kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini A. Yawekwe juu ya kichanja na kufunikwa kwa kitambaa chepesi safi ili kuzuia nzi na vumbi. Chandarua cha mbu chenye dawa kisitumike. Majani yanayovunjika mkononi yako tayari, na yahifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, mahali pasipo mwanga.

Mbegu na nafaka zikauke kabisa

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Mwaka 2004, zaidi ya watu 100 walifariki nchini, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayomea kwenye nafaka yenye unyevu, na kupika hakuiondoi. Mahindi na njugu ndiyo mazao yanayoathiriwa zaidi.

Mazao yaanikwe juu ya turubai, si ardhini, na yaanuliwe kabla ya mvua au umande. Kupima ukavu, nafaka kidogo hutiwa katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, hutikiswa, kisha huachwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, nafaka bado ina unyevu na irudishwe juani.

Kunde zilizokauka vizuri zijazwe pomoni katika mtungi au gunia lisilopitisha hewa. Fukusi walio ndani hufa kwa kukosa hewa, ilmradi chombo hakifunguliwi mara kwa mara. Nafaka iliyoota kuvu au kubadilika rangi isiliwe, wala isilishwe kuku au ng'ombe.

Wakazi wanaohitaji ushauri kuhusu mbegu, palizi au uhifadhi wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao kabla ya msimu kuanza.