Je, kidole chako cha mwisho chalemewa na kibodi?

Hebu, msomaji, andika jina lako na la baba yako kwenye kompyuta huku ukitazama vidole. Kila penye herufi kubwa, kidole cha mwisho hunyooshwa kando kubana kitufe cha Shift, vingine vikiruka huku na huku. Kwa karani au mhasibu anayenakili na kubandika kutwa kwa Ctrl, kidole hicho dhaifu hubebeshwa kazi ya kushikilia bila pumziko. Si ajabu jioni mkono ukauma upande huo hadi kwenye kigasha.

Wengi huja kliniki wakitaka dawa ya kuchua. Itatuliza, lakini kesho kidole kitarudi pale pale.

Kitufe si lazima kifanye kilichoandikwa juu yake. Zipo programu zinazokipa kimoja kazi mbili: ukikigusa na kukiachilia upesi hufanya hili, ukikishikilia hufanya lile. Kitufe kirefu cha nafasi, kwa mfano, kikiguswa huacha nafasi baina ya maneno; kikishikiliwa huwa Shift. Mzigo umehamia kwenye gumba, lenye nguvu zaidi. Programu ya QMK, iliyomo ndani ya baadhi ya kibodi, kwa kawaida hutumia milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, kutenganisha kugusa na kushikilia, na muda huo hurekebishwa. Siku za kwanza utakoseakosea, hasa ukiwa mwepesi wa kuandika. Vumilia. (Gumba nalo likianza kuuma karibu na kifundo cha mkono, umelipakia kupita kiasi.)

Huna ruhusa ya kuweka programu kwenye kompyuta ya ofisi? Kwenye Windows, kwa kawaida, ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo utaulizwa swali, kubali. Tangu hapo hushikilii Ctrl ukitafuta C: wabonyeza Ctrl, waiachilia, kisha C.

Ganzi ni jambo jingine. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku, huashiria neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Usilaumu kibodi pekee: kisukari, ujauzito na upungufu wa homoni za tezi ya shingoni huchangia. Ikiwa ni kidole cha mwisho na cha pete, huenda neva imebanwa kwenye kisugudi. Na ukianza kuangusha vikombe, au nyama iliyo chini ya gumba ikisinyaa, nenda ukapimwe wiki hii.