Pumzi Katika Mchezo wa Ngumi

Mtu asiyewahi kuvaa glavu hudhani kwamba dakika tatu ni muda mfupi sana. Nami nilidhani hivyo mpaka mwaka jana, nilipopangwa katika pambano la mazoezi na kijana wa uzito wangu. Raundi ya kwanza nilimpiga nitakavyo, na wenzangu wakashangilia. Raundi ya pili ilipofika nusu, mikono yangu ikawa mizito kama mikungu ya ndizi, ikashuka yenyewe hata kifuani, na ngumi moja ya kidevu ikanilegeza magoti. Mwalimu akasimamisha mchezo. Sikushindwa kwa nguvu wala kwa ufundi, bali kwa pumzi. Tangu siku ile nimejifunza habari hii kwa bidii, vitabuni na kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini pumzi huisha. Ngumi za ridhaa hupigwa raundi 3 za dakika 3 kila moja, na baina yake mapumziko ya dakika 1. Mpiganaji harushi ngumi wakati wote. Hushambulia kwa sekunde chache, huzunguka, hujikinga, kisha hushambulia tena. Zile ngumi za ghafla hutumia akiba iliyomo ndani ya misuli, ambayo haingojei hewa, lakini akiba hiyo yatosha sekunde kumi hivi tu. Hurudishwa kwa msaada wa oksijeni wakati ule anapozunguka. Mwenye moyo na mapafu yaliyozoezwa huirudisha upesi. Asiyezoezwa huingia katika shambulio la pili akiwa na deni, na la tatu akiwa na deni kubwa zaidi.

Mtu ataniuliza: mbona vijana wa Karagwe na Kyerwa wasukumao baiskeli zenye mikungu mitano mlimani huishiwa pumzi ulingoni kama wengine? Nimewaona kwa macho yangu. Jibu ni kwamba mwili hujifunza kile ufundishwacho. Kusukuma baiskeli ni kazi ya mwendo mmoja, nayo huzoeza miguu, lakini mabega hayajui kurusha na kupumzika, kurusha na kupumzika. Tena mgeni wa ngumi hubana pumzi kila anapopiga na kila anapopigwa, kwa hofu. Dawa yake ni kutoa pumzi fupi kwa kila ngumi. Ndiyo ile sauti ya "ss, ss" ambayo wenzetu huicheka bila kujua maana yake.

Katika mazoezi nilifuata njia ya Emil Zátopek wa Chekoslovakia, nchi ambayo leo imegawanyika kuwa mbili. Mtu huyu alishinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, ya Helsinki mwaka 1952. Alizoea kukimbia mita 400 kwa kasi, kupumzika kidogo kwa mwendo wa polepole, kisha kurudia mara nyingi. Utaona kwamba hiyo yafanana sana na raundi ya ngumi. Mimi sina kiwanja cha kupima mita, bali nina kilima, na vilima vya kwetu vingi vyapita mita 1,500 juu ya bahari. Siku ya Jumatano hupanda mbio dakika moja, hushuka nikitembea, mara sita. Baada ya majuma machache, mara kumi. Jumatatu hukimbia polepole dakika 40, kwa mwendo ambao naweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Ijumaa huruka kamba na kupiga kivuli raundi tatu. Siku nyingine hupumzika, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Maendeleo hupimwa kwa vidole viwili juu ya mshipa wa mkono. Hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 mara tu raundi inapokwisha, uzidishe kwa 4, kisha hesabu tena baada ya dakika moja. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa, ndivyo pumzi inavyokuwa nzuri.

Sasa nasema na wazazi hasa. Mkoa wetu wa Kagera una malaria nyingi, na malaria huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo wapagazi wa oksijeni. Mwanafunzi aliyetoka kuugua akarudi mazoezini siku ya tatu, hapana kilima kitakachompa pumzi, atazidi kudhoofika. Na apone kabisa kwanza. Chandarua ni kifaa cha michezo sawasawa na glavu! Maharage, mboga za majani, dagaa na nyama ikipatikana hurudisha damu, na chungwa pamoja na chakula husaidia. Wasichana wahitaji haya zaidi yetu.

Jambo moja lisifanyiwe mchezo. Aliyechoka hushusha mikono, na kichwa hubaki wazi. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa asirudi ulingoni siku ile, wala siku zifuatazo mpaka mganga amruhusu. Mimi nilificha maumivu yangu siku mbili kwa aibu. Ulikuwa upumbavu.

Titus Simba wa Tanzania alipata medali ya fedha ya uzito wa kati huko Edinburgh mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliposhindwa na John Conteh wa Uingereza katika fainali. Hata kufika fainali kwahitaji pumzi ya mapambano mengi katika siku chache, nami hulikumbuka hilo kilimani.

Muhula huu nilipigana tena na kijana yule. Alinishinda kwa alama, lakini kengele ya mwisho ilinikuta mikono ikiwa juu. Wanaotaka kujaribu kilima, twakutana nyuma ya bwalo kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Mje na maji ya kunywa.