Redio ya taa: rektifaya ipi itaifufua na ipi itaiunguza

Msikilizaji wetu mmoja wa Irente ametutumia picha ya redio kubwa ya mbao iliyokuwa ya babu yake. Imekaa kimya, na fundi amemwambia kuna "taa" iliyokufa. Ameonyeshwa taa mbili. Moja ina jina lile lile la ya zamani, EZ80. Nyingine imeandikwa EZ81, na muuzaji anaisifu kwamba ina nguvu zaidi. Anauliza achukue ipi.

Hizo taa ni valvu, vile vibomba vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa kabla redio haijaanza kusema. Iliyokufa ni rektifaya. Umeme wa ukutani, volti 230, ni wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde. Valvu nyingine za redio haziwezi kufanya kazi na umeme wa namna hiyo. Zinataka unaokwenda upande mmoja tu, na tena wa volti 200 hadi 300. Transfoma ndiyo inayotoa volti hizo, na rektifaya ndiyo inayokaa mlangoni: inaruhusu umeme upite kwenda, inauzuia kurudi. John Ambrose Fleming, Mwingereza, alivumbua valvu ya namna hiyo mwaka 1904.

Kabla ya kununua chochote, soma jina lililoandikwa kwenye kioo, maana herufi zenyewe zinasema. Valvu za Ulaya zikianza na E zina uzi wa joto wa volti 6.3. Zikianza na G, volti 5. Zikianza na U, nyuzi zake zimeunganishwa kwa foleni, moja baada ya nyingine. Zikianza na D, hiyo ni redio ya betri, kama zile za enzi ambazo umeme haukuwa umepanda milimani, na humo hutakuta rektifaya. Herufi ya pili ikiwa Y au Z, umeipata rektifaya yenyewe: EZ80, EZ81, GZ34, UY85. Wamarekani wana namba zao, kama 5Y3 na 5U4, ambapo 5 ya mwanzo ni volti za uzi wa joto.

Sasa EZ80 na EZ81. Zinaingia soketi moja na pini zake zimepangwa sawasawa. Lakini EZ80 inapitisha miliampea 90, EZ81 miliampea 150. Redio ya kawaida ya spika moja, yenye valvu moja ya sauti kama EL84, haifiki 90, kwa hiyo EZ80 inaitosha kabisa. Radiogramu ya stirio yenye EL84 mbili inavuka 100, na hapo EZ80 itakufa mapema. Je, kuweka EZ81 kwenye redio ya EZ80 kuna ubaya? Uzi wake unakula ampea 1, wakati ule wa EZ80 unakula 0.6. Hiyo tofauti inabebwa na transfoma. Kwa redio ya babu, yenye spika moja, sisi tungenunua EZ80 na kuacha sifa za muuzaji dukani.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye zile za pini nane. 5Y3, 5U4 na GZ34 zote zinaingia tundu moja bila kulazimishwa, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Uzi wa 5Y3 unataka ampea 2. Wa 5U4 unataka 3. Ukiiweka 5U4 mahali pa 5Y3, redio inaweza kuimba vizuri jioni nzima huku transfoma ikipikika ndani. Valvu unaweza kuagiza nyingine, ila transfoma ya redio ya miaka ya 1950 ni ya kusuka upya kwa mkono, ukimpata anayejua. GZ34 inakula ampea 1.9 tu, hivyo uzi wake hauna shida, lakini inapoteza volti chache sana kuliko 5Y3. Redio nzima itapandishiwa volti 40 hivi ambazo haikutengenezewa.

Wapo mafundi wanaoitoa valvu na kuweka dayodi mbili za 1N4007, ambazo ni za bei ndogo. Inawezekana, lakini volti zitapanda vilevile, na zitafika papo hapo kabla valvu nyingine hazijapata moto. Atakayefanya hivyo aongeze rizista ya kupunguza. Na transfoma ikiwa ya volti 350 kila upande, kila dayodi inarudishiwa karibu volti 990, wakati uwezo wa 1N4007 ni 1000. Ziwekwe mbili mbili kwa foleni.

Halafu, je, ni rektifaya kweli? Angalia ile rangi ya fedha juu ya kioo. Ikigeuka nyeupe, hewa imeingia, valvu imekwisha. Kama fedha bado ipo, mshuku kapasita kubwa iliyo karibu. Huku kwetu kwenye ukungu, redio iliyokaa stoo miaka 30 ina kapasita zilizokauka au zinazovuja. Kapasita iliyoshoti itaiua rektifaya mpya ndani ya dakika chache. Fundi apime hiyo kwanza. Na apime baada ya kuhakikisha kapasita haina umeme, kwa sababu inaweza kuhifadhi volti 300 hata plagi ikiwa imechomolewa, na volti hizo zinaua.

Kuhusu wanaosema valvu ya kampuni fulani ina "sauti tamu" kuliko nyingine: kwa redio ya spika moja, usitoe hela ya ziada kwa hilo. Nyuma ya redio geuza swichi ya volti iwe 240 au 245 kama ipo. Hiyo itairefushia maisha kuliko jina la kampuni.

Wengi wanataka redio hizi wachomeke simu nyuma, kwenye tundu la santuri, na wana sababu, kwani FM ya redio nyingi za Ulaya za wakati huo inaishia karibu na 100. Kwa redio ya valvu za E yenye transfoma nzima, inawezekana. Kwa redio ya valvu za U, usithubutu. Nyingi hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani, na bati la ndani linaweza kuwa na volti 230 zote. Umeme huo utafuata waya hadi kwenye simu, na kutoka kwenye simu hadi kwenye mkono wa aliyeishika. Hata skrubu za vitufe vya redio ya aina hiyo zisiguswe ikiwa kwenye plagi.